Aina ya Tatu

Jumapili ambayo Gvozden alimpiga Strahinja, Vida, dada yake Gvozden, alikuwa jikoni, dirisha wazi, meza nzima imefunikwa na makaratasi. Zilibaki siku nne aende Belgrade kufanya mtihani wa leseni ya udaktari. Moyo, mapafu na figo alikuwa ameshavimaliza. Kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki ni saratani za damu. Ni nyingi, majina yake marefu yanafanana, na kila baada ya miaka michache wakubwa wa fani wanakutana na kuzipanga upya, huku maprofesa wazee wanaendelea kuuliza kwa mpango wa zamani.

Mwisho akabuni njia yake. Kila saratani aliipa mtu wa kijijini kwao. Ile ya polepole ya chembe za limfu, ambayo mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi na mitano huku analima na kulalamika, alimpa mzee Tihomir wa kinuni. Ile ya polepole ya uboho, inayovimbisha wengu mpaka tumbo linatangulia mlangoni, alimpa padri. Zile za ghafla, zinazomaliza mtu kwa wiki chache, aliwagawia vijana wakorofi. Na kati ya hizo za ghafla kulikuwa na moja, ya tatu katika mpango wa zamani, ambayo huvuruga ugandaji wa damu. Mgonjwa wake huvuja kila mahali na anaweza kufa siku ile ile aliyofika hospitali. Lakini akiwahiwa, akaanzishiwa vidonge vyake hata kabla majibu yote hayajatoka, hupona kuliko wagonjwa wa zile nyingine. Hiyo aliipa jina la kaka yake. Aliandika kwa wino mwekundu: Aina ya tatu, Gvozden. Inalipuka. Ukiiwahi, inatulia.

Ndivyo Gvozden alivyokuwa. Fundi wa matrekta, miaka thelathini na mmoja, mikono yake haikuwahi kutakata grisi. Alikuwa mtu wa kumbebea jirani mzee gunia bila kuombwa, na mtu wa kuvunja kiti kwa neno moja. Tangu mkewe Ruža alipoondoka na dereva wa lori kwenda Austria, miezi sita iliyopita, maneno ya kumvunjisha viti yalikuwa yameongezeka, na rakia, pombe kali ya matunda, nayo ilikuwa imeongezeka.

Siku hiyo ng'ambo ya ua, kwa mzee Stojadin, walikuwa wanaadhimisha mtakatifu wa ukoo wao. Meza zilikuwa nje chini ya turubai, nguruwe alikuwa ameshakatwakatwa, na Gvozden alikuwa miongoni mwa wageni. Vida alikwenda asubuhi, akala kijiko cha ngano tamu kama ilivyo desturi, akawatakia heri, akarudi kwenye makaratasi yake. Kupitia dirishani alisikia kila neno.

"Strahinja! Njoo tupimane nguvu za mikono, tuone nani mwanamume!" Hiyo ilikuwa sauti ya Gvozden.

"Niache kaka, leo sina nguvu."

"Leo? Lini ulikuwa nazo? Miezi miwili unatembea kama bibi harusi. Nyama huli, rakia hunywi. Au una mimba?"

Watu wakacheka. Strahinja, mtoto wa pili wa mzee Stojadin, alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ulimi wake haukuwa na breki. Alingoja kicheko kipungue.

"Bora mimi nisiye nazo. Wewe unazo tele, na bado Ruža alikwenda kuazima kwa dereva wa lori."

Kicheko cha pili kilianza, kikakatika katikati. Vida alisikia benchi linaanguka. Alipofika kwenye ua wa mbao, kaka yake alikuwa ameshapiga ngumi ya kwanza, nayo ilitua mdomoni. Ya pili ilipata shavu. Ya tatu ilimpata Strahinja kifuani akiwa anarudi nyuma, akaanguka chali kati ya viti. Hapo ndipo Gvozden alipomfuata akampiga teke la ubavu wa kushoto, kwa buti la kazi, halafu la pili mahali pale pale, kabla wanaume watatu hawajamvuta.

Vida aliruka ua. Strahinja alikuwa amekaa, mikono miwili mdomoni, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake bila haraka na bila kukoma. Mzee Stojadin na mwanawe mkubwa, Miloje, walikuwa wanamwinua kumpeleka kwenye gari.

"Nakuja naye," alisema Vida. "Nipo hospitali pale, mnajua, nitamwangalia njiani..."

"Toka hapa!" Mzee Stojadin hakumtazama. "Ukoo wenu umetosha kwa leo."

Gari likaondoka. Vida aligeuka akamkuta kaka yake kwenye bomba la uani kwao, ananawa mikono.

"Atapona," alisema Gvozden. "Ngumi tatu hazijaua mtu."

"Umempiga teke akiwa chini."

"Na wewe ulisikia alichosema."

"Nilisikia. Umempiga teke akiwa chini, Gvozden."

Gvozden alifunga bomba. Alinyoosha mkono kuomba taulo. Vida alimtupia usoni, akachukua funguo za gari.

Katika hospitali ya mjini, ambako alikuwa na miezi mitano ya mafunzo, alivaa koti lake jeupe na kuingia chumba cha dharura kama siku yoyote ya kazi. Strahinja alikuwa kitandani, shati limechanwa. Daktari Zarić, mpasuaji wa zamu, alikuwa anapitisha kifaa cha mawimbi ya sauti juu ya tumbo lake huku amekunja uso.

Vida alikuwa ameona watu wengi waliopigwa. Mji ule haukuwa na uhaba wao. Uso uliovimba haukumshtua. Kilichomshtua ni mkono. Pale mkanda wa kupimia presha ulipofungwa, ngozi ilikuwa imetoka duara zima la madoa meusi, kana kwamba kifaa chenyewe ndicho kilichompiga. Pale sindano ilipoingia, nesi alikuwa ameshaweka pamba ya nne, nayo ilikuwa imelowa. Ubavu wa kushoto ulikuwa mweusi kama bilinganya kutoka kwapani mpaka nyongani. Vida akainua shuka miguuni. Kwenye miundi, ambako Gvozden hakufika, kulikuwa na vidoa vyekundu mamia kwa mamia, vidogo kama vya kuumwa na viroboto. Na pajani palikuwa na vilio la damu la siku nyingi, kubwa kama sahani, limeshageuka rangi ya njano na kijani.

Aliitazama rafu ya mirija ya damu. Mrija wa kwanza ulikuwa na saa iliyoandikwa na nesi: nusu saa iliyopita. Damu ya mtu mwenye afya ingekuwa imeshaganda kama jeli. Aliuinamisha. Damu ikateremka ukingoni kama divai.

Ndipo alipokumbuka kwamba wiki mbili zilizopita Strahinja alimsimamisha njiani. "Dada daktari, fizi zangu zinatoka damu, nifanyeje?" Na yeye, mkononi ana kitabu, kichwani ana figo, alimjibu akicheka, "Badilisha mswaki."

"Wengu umepasuka," alisema Zarić. "Presha inashuka. Waambie thieta wajiandae, dakika kumi naingia."

"Daktari, usimpasue," alisema Vida.

Zarić akainua kichwa.

"Damu yake haigandi. Angalia mrija. Angalia miundi, hakuna aliyempiga miundi. Nadhani ana saratani ya damu ya ghafla, aina ya tatu. Ukimfungua tumbo hutaweza kuizuia. Ngoja hesabu ya chembe tu, daktari, dakika ishirini."

"Nadhani," alirudia Zarić polepole. "Wewe si dada yake yule aliyempiga? Baba yake ameniambia hapa sasa hivi."

Nesi aliacha alichokuwa anafanya.

"Ndiye mimi."

"Mgonjwa amepigwa mateke ya ubavu, ana damu tumboni, presha inashuka. Dada wa mpigaji anakuja kuniambia ni saratani. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningengoja hesabu."

"Toka nje, Vidosava," alisema Zarić, akimwita kwa jina lake kamili. "Nakuambia kwa wema."

Alitoka. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, na kwenye korido mzee Stojadin alikuwa amesikia kila kitu. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mfugaji, mwenye mabega ya kubeba ndama. Alimjia Vida bila kupaza sauti.

"Eti mwanangu alikuwa mgonjwa?"

"Mzee Stojadin, nisikilize..."

"Kaka yako anamuua, halafu wewe unamtafutia ugonjwa?"

Ngumi ilimpata mdomoni. Vida alisikia jino linavunjika kabla hajasikia maumivu, kisha bega na kichwa vikagonga bomba la kupashia joto ukutani, akawa chini. Mzee alimshika nywele akamwinua na kumgonga tena pale pale. "Sema ni saratani!" alikuwa anasema, sasa kwa sauti ya kilio. "Sema tena! Sema tena!" Mbeba machela na askari wa getini walihitaji nguvu zao zote kumbandua, na alipobanduliwa mkononi alikuwa ameshika kishungi cha nywele za Vida.

Mtu alimwambia Vida akae. Hakukaa. Alitema jino kiganjani, akaliweka kwenye mfuko wa koti, akashika ukuta na kushuka ngazi kwenda maabara.

Zamu ya Jumapili ilikuwa ya Bosiljka, mtaalamu wa maabara aliyebakiza miaka miwili kustaafu, ambaye hakuwahi kuonekana bila sigara sikioni.

"Mama yangu! Nani kakufanya hivi?"

"Baadaye. Mama Bosiljka, damu ya Strahinja. Yule aliyepigwa."

"Hiyo mashine imeharibika. Imenipa chembe za kugandisha elfu tisa, wakati mtu anatakiwa awe na laki moja na nusu. Nilikuwa nairudia."

"Haijaharibika. Nitengenezee kioo. Tafadhali, mama. Anaingia kupasuliwa sasa hivi."

Bosiljka alimtazama mara moja, akaacha kuuliza. Alidondosha tone kwenye kioo, akalisambaza kwa ukingo wa kioo kingine kwa mkono usiotetemeka, akalikausha kwa kulipepea, akamwaga rangi. Walisubiri rangi ishike. Vida alikuwa amekandamiza kitambaa mdomoni na kuhesabu kimoyomoyo. Kisha Bosiljka akainamia hadubini, akazungusha gurudumu, akalizungusha tena.

"Njoo," alisema.

Vida aliinama. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba, akatumia la kulia. Zilikuwepo. Chembe kubwa zilizofura, zimejaa punje za zambarau mpaka kiini hakionekani, na ndani ya baadhi yake vijiti vyembamba vimelundikana kama mzigo wa kuni. Katika kitabu zilikuwa picha ndogo ya pembeni. Hapa zilijaza kioo chote, kila alikosogeza.

Vida akafurahi.

Ilikuwa furaha kweli, ilimpanda kutoka tumboni kama maji ya moto: si Gvozden. Ni hizi. Damu yote ile, ule ubavu mweusi, ni hizi. Halafu akasikia anachokifurahia, kwamba kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekua naye ana saratani, na haya ikamkamata shingoni palepale kwenye hadubini, asiweze kumtazama Bosiljka. Haya hiyo haikumtoka tena.

"Tangu nilipokuwa kijana sijaiona hii," alisema Bosiljka. "Twende."

"Mimi amenifukuza."

"Mimi hajanifukuza bado."

Bosiljka aliingia thieta na viatu vyake vya nje, na sigara sikioni, watu wote wakapiga kelele kwa pamoja. Zarić alikuwa ameshanawa, mikono juu, kisu kiko mezani. Strahinja alikuwa ameshapakwa dawa ya rangi ya chungwa tumbo zima. Vida alisimama mlangoni akasikia.

"Zarić, mimi sina kaka, wala sijui aliyempiga ni nani," alisema Bosiljka. "Chembe elfu tisa. Kioo nimekitazama mwenyewe, kimejaa. Ukichana hapo utafyonza damu mpaka Jumanne, na Jumanne tutamzika."

Zarić alibaki na mikono juu. Mashine ya mapigo ya moyo ilikuwa inalia. Mwisho alisema, "Nipigieni simu hospitali kubwa ya Niš, bingwa wa damu. Mtu anishikie simu sikioni."

Bingwa wa Niš alipiga kelele kiasi cha kusikika mlangoni. Asiguswe na kisu! Mwekeeni maji ya damu, mwekeeni chembe za kugandisha, zote mlizonazo, na vidonge vipo huku, mleteni, mbona bado mnaongea na mimi? Baada ya dakika kumi na tano gari la wagonjwa lilitoka getini na mifuko miwili ikining'inia juu ya Strahinja. Mzee Stojadin alikuwa amekaa mbele pamoja na dereva, uso mikononi.

Zarić alivua glavu zake koridoni.

"Siombi radhi," alimwambia Vida. "Na ngumi bado alipigwa."

"Najua."

"Nenda ukashonwe mdomo."

Alikuwa anakwenda kushonwa alipokumbuka kwamba katika fujo yote ile hakumwona Miloje. Miloje aliendesha gari kumleta mdogo wake. Miloje hakuwa koridoni. Vida alipiga simu ya mama yake.

Iliita sana. Ilipopokelewa, mama hakusema haloo. "Vida, wako hapa, wako wanne, wana mipini ya mashoka, Vida..." Nyuma yake mtu alikuwa anaguna kwa maumivu.

"Mpe Miloje simu! Mama! Msogezee simu, nimwambie!"

Baadaye mama alimsimulia yaliyotangulia. Gvozden aliwasikia Miloje na binamu zake watatu wanafungua geti akatoka mwenyewe, mikono mitupu. Alimvunja taya binamu wa kwanza, wa pili akamtupa juu ya kuni. Kisha mpini ulimpata gotini kwa nyuma, na alipopiga magoti wakamzunguka. Simu ilipoita alikuwa bado amepiga magoti.

"Miloje!" Vida alipiga kelele mpaka uzi wa damu ukaruka mdomoni. "Strahinja yuko hai! Ana saratani ya damu, ndiyo maana anavuja! Anapelekwa Niš, kuna dawa, anaweza kupona! Umesikia? Acha!"

Akasikia pumzi ya mtu karibu na simu.

"Unasema nini?"

"Saratani ya damu. Nimeiona kwa macho yangu. Ameumwa kwa wiki nyingi. Atapona, Miloje. Mwache kaka yangu."

"Saratani," alisema Miloje. Ilikuwa sauti ya mtu anayefikiri. Kisha akasema, "Na mateke? Mateke nayo ni saratani?"

Sauti iliyofuata ilifanana na ya mtu anayekung'uta zulia uani. Vida alisikia pigo baada ya pigo, na kati ya pigo moja na lingine alisikia mama yake akimwita Miloje kwa jina la utotoni, jina alilokuwa akimwita alipokuwa anampa mkate na siagi dirishani. Kisha simu ikaanguka, lakini haikukatika.

Gvozden aliletwa hospitali ile ile, kitanda kile kile. Zarić alimpasua fuvu na kukaa naye saa sita. Damu yake haikuwa na tatizo lolote, iliganda vizuri kila mahali, ila ndani ya kichwa haikuwa na pa kwenda. Alifariki Jumanne saa mbili asubuhi. Zarić alikuja akaketi karibu na Vida kwenye benchi la korido, akavua kofia yake ya thieta, na hakuondoka mpaka mama alipowasili.

Alhamisi, wakati jina la Vida likiitwa Belgrade, yeye alikuwa makaburini, midomo ina nyuzi tano. Mtihani aliufanya mwezi uliofuata. Karatasi ya swali aliyoivuta kwa kura ilimuuliza sumu ya moshi wa jiko la mkaa, akajibu yote. Profesa alimuuliza kovu la mdomoni limetokana na nini. "Nilianguka," alisema, akapewa leseni.

Kesi ya Miloje ilisikilizwa Novemba. Siku mbili kabla, mzee Stojadin alikuja getini, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Vida alitoka nje lakini hakumfungulia geti.

"Siku ile hospitali," alisema mzee, "ule mkono... Mungu aukate."

"Sema kilichokuleta, mzee."

"Wakili anasema jambo zima liko kwenye simu. Kama Miloje hakuelewa ulichomwambia, basi ni hasira, alidhani mdogo wake anakufa. Kama alielewa..." Alizungusha kofia. "Wewe tu ndiye uliyesikia. Mama yako amesema hakumbuki. Sema palikuwa na kelele, mwanangu. Sikuombi useme uongo. Palikuwa na kelele kweli."

"Aliniuliza kama mateke nayo ni saratani."

Mzee alifumba macho.

"Basi unajua alielewa," alisema Vida, akarudi ndani.

Mahakamani alisema yote. Alisema aliyosikia kwenye simu, neno kwa neno. Halafu, bila kuulizwa, akasema na yale aliyoyaona juu ya ua: kwamba kaka yake alimpiga Strahinja teke la ubavu akiwa chini, mara mbili. Mama yake, mstari wa mbele, alijifunika uso kwa kitambaa cheusi. Akasema pia kwamba fizi zilitajwa kwake wiki mbili kabla na akazicheka. Hakimu alimwambia hilo halihusiki na kesi. Miloje alipata miaka kumi na mmoja, akaisikiliza hukumu amesimama wima, anamtazama Vida bila chuki, kama mtu anayesoma kibao cha njia.

Nje mvua ilikuwa nyembamba na ya baridi. Strahinja alikuwa amesimama karibu na gari la baba yake, amevaa kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi kwa sababu nywele zilikuwa bado hazijaota vizuri. Alipomwona Vida anashuka ngazi, alivuka barabara.

"Strahinja!" aliita mzee. "Nimekuambia usimsemeshe huyo."

"Habari za siku, Vida," alisema Strahinja.

Gari la mzee liliwaka. Lilisimama kidogo, kisha likaondoka bila yeye. Walilitazama mpaka kona.

"Haya," alisema Strahinja. "Kesho asubuhi nina dawa Niš. Nilikuwa nilale kwa shangazi kule. Wewe hupiti huko?"

Niš ilikuwa upande mwingine kabisa, na mama yake alikuwa ameshapata mtu wa kumrudisha nyumbani.

"Panda," alisema Vida.

Walipofika nusu ya safari mvua ilikuwa bado inanyesha. Strahinja alikuwa amekonda shingo, lakini mashavu yalikuwa na rangi. Alicheza na kioo cha dirisha, akakipandisha, akakishusha.

"Ulijua kwamba Miloje amerudi kijijini?" aliuliza mwishowe. "Wakati unashuka maabara?"

"Sikujua."

"Ungejua, ungekwenda nyumbani au ungeshuka maabara?"

Vida aliendesha. Lori lilipita na kuwarushia maji, wiper zikasafisha kioo mara nne, tano.

"Sijui," alisema. "Na usiniulize tena, Strahinja. Hata ukiwa unakufa, usiniulize."

"Sawa."

"Ungefunga mdomo siku ile."

"Nilipaswa," alisema. "Kila siku najiambia hivyo."

Kwenye njia panda ya kuingia mjini kulikuwa na duka la mikate. Vida alisimamisha gari, akaingia, akarudi na pai mbili za jibini zenye moto, zimefungwa kwenye karatasi iliyoshika mafuta. Walizila ndani ya gari, injini ikiwa inanguruma ili wapate joto. Vida alitafuna kwa upande mmoja wa mdomo, ule wenye meno yote. Strahinja alimaliza yake, akalamba vidole, akatazama mikono yake, kisha akatazama karatasi iliyokuwa mapajani pa Vida.

"Hiyo nusu unaila?"

Akampa.